Wingu Jeupe la Olkaria: Hesabu ya Joto na Maji kwa Jirani Zetu wa Kenya



Mtu afikaye kusini mwa Ziwa Naivasha, katika nchi jirani ya Kenya, huona mawingu meupe yakipanda mchana na usiku kutoka katika vilima vya Olkaria. Mengine hutoka katika visima. Lakini yale yanayopanda kwa safu, juu ya majengo yenye mapangaboi makubwa, hutoka katika minara ya kupozea ya vituo vya umeme. Mgeni hudhani kuwa ni moshi. Kwa hakika ni maji, tena maji yenye thamani. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza jinsi maji hayo yanavyohesabiwa, na kwa nini nchi isiyoyahesabu yaweza siku moja kujikuta ina mitambo mizuri isiyokuwa na mvuke wa kuiendesha.

Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Mtambo wa pili ulifuata mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985. Baadaye kilikuja kituo cha Olkaria II mwaka 2003, Olkaria IV mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Leo jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi, huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake. Jambo hilo latuhusu sisi pia. Njia ya umeme ya kilovolti 400 imejengwa kutoka Isinya hadi Singida ili kuunganisha gridi ya Kenya na yetu, na wataalamu wetu wamekuwa wakitafiti jotoardhi huko Ngozi na Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya. Linalotendeka Olkaria leo, huenda likatendeka kwetu kesho.

Yafaa kwanza kuuliza: ikiwa kituo kinatafuta joto, kwa nini kijenge minara ya kulitupa? Jibu ni kwamba mvuke hausukumi mapanga ya tabaini kwa sababu ya joto peke yake. Husukuma kwa sababu upande mmoja una shinikizo kubwa na upande wa pili una shinikizo dogo. Mvuke unapotoka katika tabaini huingia katika chombo kiitwacho kondensa, na humo hunyunyiziwa maji baridi. Mara hiyo hurudi kuwa maji, hujikunja, na kuacha mahali palipo karibu patupu. Upungufu huo wa shinikizo ndio unaoongeza nguvu ya kuuvuta mvuke unaofuata. Maji ya kunyunyizia yakiwa vuguvugu, nafasi hiyo hujaa, na umeme hupungua. Kwa hiyo maji yaliyopata joto hapana budi yapozwe upya, saa zote, na hiyo ndiyo kazi ya mnara.

Ndani ya mnara maji ya moto huangushwa kutoka juu, yakivunjwavunjwa kuwa matone, huku pangaboi likivuta hewa kutoka nje na kuipandisha. Joto huondoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa kupata joto kwa kuyagusa maji. Njia ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni sehemu ndogo ya maji kugeuka kuwa mvuke na kuondoka na hewa. Kilo moja ya maji inapopaa hivyo, huchukua joto la kilojuli 2,400 na ushei. Joto hilo latosha kupoza kilo 29 za maji kwa nyuzi 20 za sentigredi. Ndiyo siri ile ile ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, na ya chupa ya askari iliyovikwa kitambaa chenye maji: tone moja linaondoka ili mengine yabaki baridi.

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe. Tuchukue mtambo wa mfano wa megawati 35, unaotumia tani 260 za mvuke kwa saa. Huu si mtambo fulani wa Olkaria, bali ni mfano wa kutufundishia, ingawa hali ya hewa tutakayoitumia inalingana na ya nyanda za mita 2,000 juu ya bahari. Baada ya tabaini kuchukua sehemu yake, joto linalobaki la kutupwa katika mnara ni kama megawati 156. Maana yake ni kwamba kwa kila sehemu moja ya umeme, zaidi ya sehemu nne za joto hutupwa hewani.

Maji yanaingia juu ya mnara yakiwa na nyuzi 45, na yanatoka chini yakiwa na nyuzi 25. Ili kubeba joto lote hilo, yahitajika tani 6,700 za maji kuzunguka kila saa. Hewa ya nje ina nyuzi 20, na kila kilo yake inakuja na gramu 11 na nusu za mvuke. Inapotoka juu ya mnara ina nyuzi 35, imeshiba unyevu, na kila kilo imebeba gramu 47 na nusu. Kila kilo ya hewa basi imeondoka na gramu 36 za maji ambazo haikuja nazo.

Mhandisi hufungua leja mbili, kama mtunza ghala wa kikosi anayepokea na kutoa. Leja ya kwanza ni ya joto: joto lililotoka katika maji lazima lilingane na joto lililoingia katika hewa pamoja na mvuke wake. Kwa mfano wetu, leja hiyo inadai tani 5,400 za hewa kwa saa. Leja ya pili ni ya unyevu: tani 5,400, kila kilo ikiwa imeongeza gramu 36, hutoa jumla ya tani 194 za maji yaliyopaa. Leja hizi mbili hazitengani. Mtu hawezi kuongeza upozaji bila kuongeza hewa au kupaisha maji zaidi. Katika joto lote lililotupwa, sehemu 5 kati ya 6 zimechukuliwa na maji yaliyopaa. Sehemu moja tu imekwenda kuipasha hewa moto.

Mjerumani Friedrich Merkel ndiye aliyeonyesha, mwaka 1925, jinsi mikondo hiyo miwili ya joto na unyevu inavyoweza kuhesabiwa kwa pamoja. Njia yake ingali ikitumika. Lakini ili kurahisisha kazi, alichukulia kwamba maji yanayotoka chini ya mnara ni sawa kwa wingi na yaliyoingia juu. Kwa kupima ukubwa wa mnara, kosa hilo ni dogo. Kwa kujua maji yanayopotea, haifai kulisahau, maana tani 194 kwa saa ni zaidi ya tani 4,600 kwa siku. Kadhalika, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na kila kilo yake hubeba mvuke mwingi kuliko kilo ya hewa ya pwani yenye joto lile lile. Jedwali la Mombasa haliwezi kupelekwa Naivasha bila kusahihishwa.

Kuna mpaka mmoja ambao mnara hauwezi kuuvuka. Ukikivika kipimajoto kitambaa chenye maji na kukipitishia upepo, kitashuka hadi mahali fulani kisha kitasimama. Hapo ndipo mwisho wa upozaji kwa njia ya kupaisha maji, nao hutegemea unyevu uliomo hewani. Mpaka huo ndio unaoutawala mwili wa askari pia. Jasho humpoza mtu pale tu hewa inapolipokea. Katika hewa iliyoshiba unyevu jasho hutiririka bure. Katika miaka ya 1950 majeshi ya Marekani, baada ya makuruta kuanguka kwa joto mafunzoni, yalianza kutumia kipimo cha pamoja kwa watu walio juani. Kipimo hicho hukipa kipimajoto chenye kitambaa uzito wa sehemu 7 kati ya 10, kipimajoto cha ndani ya tufe jeusi sehemu 2, na kipimajoto cha kawaida sehemu 1 tu. Kamanda anayeangalia joto la kawaida peke yake, hasa mwambao, ameangalia sehemu ndogo kabisa ya hatari.

Turudi Olkaria. Kituo cha makaa ya mawe chenye minara ya namna hii huchukua maji ya kufidia yanayopaa kutoka mtoni au ziwani. Kituo cha Hwange cha Zimbabwe, kwa mfano, huyavuta kutoka Mto Zambezi. Kituo cha jotoardhi ambacho mvuke wake umechanganywa na maji ya kupozea kina nafuu: mvuke uliogeuka maji ndio unaofidia. Katika mfano wetu, tani 260 zimeingia kutoka ardhini, tani 194 zimepaa, na tani 66 zimebaki za kurudishwa chini kwa visima. Ziwa Naivasha, ambalo maji yake yanategemewa na watu, mashamba ya maua, wavuvi na wanyama, halikutozwa kwa ajili ya upozaji huo.

Lakini deni halikufutika. Limehamia chini ya ardhi. Katika kila tani 4 za mvuke, tani 3 hazirudi. Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa katika eneo liitwalo The Geysers, jimboni California. Uzalishaji wa eneo hilo ulifikia kilele mwaka 1987, kisha shinikizo la mvuke likaporomoka, kwa sababu visima vilikuwa vingi na sehemu kubwa ya maji ilikuwa ikipaa kupitia minara. Mitambo ilikuwepo, mvuke ulikuwa umepungua. Mwaka 1997 walianza kuleta kwa bomba maji taka yaliyosafishwa kutoka Lake County na kuyaingiza ardhini, na mwaka 2003 yakaongezwa ya mji wa Santa Rosa. Hapo ndipo kushuka kule kulipopunguzwa kasi.

Olkaria si sawa kabisa na huko. Visima vyake hutoa mvuke uliochanganyika na maji ya moto, na maji hayo hutenganishwa ili yarudishwe chini. Aidha, kituo cha Olkaria III kimechagua njia nyingine: hupoza kwa hewa kavu, bila kupaisha maji. Njia hiyo nayo ina bei yake, kwa kuwa mchana wa jua kali hewa haipozi vizuri, na umeme hupungua. Hakuna njia isiyolipiwa. Lililo muhimu ni kujua mapema nani analipa, na kwa sarafu gani.

Wala jicho halitoshi kuhesabu. Asubuhi yenye baridi wingu huonekana kubwa kwa sababu mvuke hugeuka upesi kuwa matone meupe. Mchana wa ukavu na jua wingu hutoweka, na mlinzi aliye getini aweza kusema kwamba leo mnara umepumzika. Kumbe ndiyo saa unayopaisha maji zaidi. Upotevu mkubwa ndio usioonekana.

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jirani zetu wametangulia kwa zaidi ya miaka 40, na mafanikio yao yanastahili heshima. Siku visima vya Mbeya vitakapokuwa tayari kuendesha mitambo, swali la kwanza lisiwe megawati ngapi. Liwe: ni tani ngapi zitatoka ardhini, ngapi zitapaa, na ngapi zitarudi? Anayeweza kulijibu ndiye atakayekuwa na umeme hata baada ya miaka 40 mingine.