Wanzuki mkavu wa zambarau, kwa wazee wa mvinyo mwekundu

Wadau, mwaka jana nilimwonjesha mjomba wangu wanzuki niliotengeneza mwenyewe. Yeye ni mtu wa mvinyo mwekundu wa Dodoma, ule mkavu. Kapiga funda moja, karudisha glasi: "Hii juisi, mjomba." Na asali mnajua bei yake!

Kosa lilikuwa utamu. Mnywaji wa mvinyo mwekundu anataka sukari iishe, halafu abaki na ule ukakasi unaokaza ulimi. Asali peke yake haina ukakasi, unatoka kwenye ganda la tunda. Zambarau zilizoiva zina huo ukakasi, na rangi unapata bure.

Safari hii nimeweka asali kilo 1.3 na zambarau kilo 2, nikajaza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita 5. Ponda kwa mkono, kokwa usizivunje, zinatia uchungu. Hamira iwe ya mvinyo. Ya mkate mara nyingi inachoka kabla sukari haijaisha. Maganda yanapanda juu, yazamishe mara mbili kwa siku. Baada ya wiki moja chuja, weka kwenye dumu lenye mpira unaotolea hewa ndani ya glasi ya maji.

Hapo ni subira. Haidromita ikisoma chini ya 1.000, na isibadilike wiki nzima, ndio ukavu wenyewe, kilevi kama asilimia 12. Ukifunga chupa mapema inapasuka, msiseme sikuwaambia.

Nimeuacha miezi sita. Mjomba kamaliza glasi, kauliza umetoka Dodoma shamba gani. Wadau wa Tanga na Unguja, zambarau huko mnauziwaje?