Je, Wajua? Mwalimu na bao
Mwalimu Nyerere alipenda sana kucheza bao. Kwenye poka karata hufichwa. Kwenye bao hakuna cha kuficha wala bahati, ni hesabu tupu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Utamu uko kwenye nyumba, shimo la mraba linaloanza na kete sita. Mgeni huwa na pupa ya kuitawanya. Fundi huilinda, akinamua, yaani kuingiza kete za mkononi mojamoja, hadi aone kuitawanya kutamlia mpinzani kete vizuri. Safu ya mbele ya mpinzani ikibaki tupu, kashindwa, hata kama nyuma kumejaa kete.