Mkimbiaji Hodari Anayeshindwa na Seng'enge

Mara ya kwanza kumwona mnyama huyu nilikuwa safarini kwa gari, katika barabara kuu ya I-80 inayokatiza jimbo la Wyoming, magharibi mwa Marekani. Huku nyika, kule nyika, na theluji ya mwisho wa msimu bado imelala mabondeni. Ghafla nikaona kundi limesimama kwenye mwinuko. Mgongo rangi ya udongo mwekundu, tumbo jeupe, michirizi miwili myeupe shingoni.

"Tazama, swala granti hao!" nikamwambia ndugu yangu aliyekuwa akiendesha.

Akacheka. "Swala granti kwenye theluji, kaka? Umeanza kupotewa na akili kwa kukumbuka nyumbani."

Tulipopunguza mwendo, manyoya meupe ya makalioni mwao yakasimama kama pamba iliyopasuka. Wakaondoka. Kufumba na kufumbua hawakuwapo.

Wamarekani humwita pronghorn, nasi hapa tumwite pronghoni. Wengi wao humwita pia swala, kama nilivyokosea mimi. Kumbe si swala.

Jamaa wa twiga

Wataalamu wa wanyama wanasema pronghoni ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake. Zamani za kale Amerika ya Kaskazini ilikuwa na aina nyingi za ukoo huo, zote zimekwisha. Ukiwatafuta ndugu zake wa karibu zaidi walio hai leo, hutawapata Marekani. Utawapata kwetu Afrika: ni twiga, pamoja na okapi wa misitu ya Ituri, Kongo.

Pembe zake nazo zina ajabu yake. Pembe ya swala haidondoki, na ya kulungu wa nchi za baridi hudondoka yote kila mwaka. Pronghoni yuko katikati. Ndani ana mfupa usiotoka, na juu yake ganda gumu lenye tawi linalochomoza mbele. Ganda hilo hulivua kila mwaka likaota jingine.

Makazi yake ni nyanda kavu za wazi, kuanzia kusini mwa Kanada, kupita Marekani magharibi, hadi Mexico. Wyoming ndiyo ngome yake kuu. Hula majani na magugu ya msimu, na baridi inapokaza hutegemea vichaka vya kijivu vyenye harufu kali ambavyo wanyama wengi huvikwepa. Dume zima lina uzito wa kilo 50 hivi, halimzidi sana mbuzi mkubwa. Jike hubeba mimba karibu miezi minane na kwa kawaida huzaa mapacha. Watoto hulala wamejificha kwenye nyasi siku zao za mwanzo, wakiwindwa na koyote, mnyama wa jamii ya mbweha. Wakishapita hatari hiyo, hakuna wa kuwakamata.

Injini ya ajabu

Hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Pronghoni hufikia kasi ya kilomita 88 kwa saa. Duma anampita, lakini duma ni mtu wa mbio fupi: mita mia chache tu, kisha hukaa chini akihema. Pronghoni anaweza kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa kwa kilomita kadhaa bila kusimama. Kwa mbio ndefu, hakuna mnyama wa nchi kavu anayejulikana kumshinda.

Siri yake iko kifuani. Ana mapafu makubwa, moyo mkubwa na koo pana la pumzi, na hukimbia kinywa wazi ili avute hewa nyingi zaidi. Watafiti waliompima na kuchapisha matokeo yao mwaka 1991 walikuta anatumia oksijeni zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichotarajiwa kwa mnyama wa umbo lake. Macho yake ni makubwa, yako pembeni mwa kichwa, na huona karibu pande zote bila kugeuka.

Swali linakuja: anamkimbia nani? Mbwamwitu na koyote hawamfikii hata nusu ya njia. Mtafiti John Byers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alieleza kwamba pronghoni anakimbia mizimu. Hadi miaka elfu kumi na kitu iliyopita, nyanda hizi zilikuwa na paka mkubwa mwenye umbo la duma, pamoja na wawindaji wengine waliokwishatoweka. Adui ameondoka, mbio zimebaki. Wapo wataalamu wanaobishana kama paka yule kweli alikuwa mkimbiaji kama duma wetu, lakini hakuna adui aliye hai leo anayehitaji mbio za namna hii.

Waya nne tu

Adui wa leo hana miguu. Ni seng'enge.

Pronghoni aliumbwa katika nchi isiyo na kizuizi. Hakuwahi kuhitaji kuruka, na mpaka leo ni nadra sana kumwona akiruka uzio. Akifika kwenye waya hutafuta pa kupenya chini, akichubuka mgongo na kuacha manyoya. Ukiwa uzio wa wavu wa kondoo, hapiti kabisa. Theluji ikijaa chini ya waya, kundi zima hukwama hapo na kufa kwa njaa na baridi.

Kabla ya walowezi inakadiriwa walikuwa mamilioni kwa makumi. Bunduki na uzio viliwashusha, na mwanzoni mwa karne ya 20 walibaki maelfu machache tu, chini ya 20,000. Sheria za uwindaji ziliwaokoa, na leo wanahesabiwa kwa malaki. Lakini bado wanahitaji njia. Kundi moja hutoka hifadhi ya Grand Teton kila vuli na kwenda zaidi ya kilomita 200 kusini kukwepa theluji. Mifupa iliyofukuliwa Trappers Point, karibu na mji wa Pinedale, inaonyesha pronghoni wamepita hapo kwa karibu miaka 6,000.

Mwaka 2008 Idara ya Misitu ya Marekani ilitenga rasmi sehemu ya njia hiyo. Mwaka 2012 yakakamilika madaraja ya wanyama juu ya barabara kuu pale Trappers Point. Pronghoni waliyapenda kuliko mapito ya chini ya barabara, kwa sababu wakiwa juu wanaona mbali. Na wenye mashamba wanashauriwa waya wa chini uwe laini, usio na miiba, na uinuliwe kiasi cha sentimita 40 kutoka ardhini. Gharama ni ndogo, faida ni uhai.

Hata hivyo hali haijatulia. Baridi kali ya 2022 na 2023, pamoja na ugonjwa wa mapafu, iliua maelfu katika eneo hilo hilo la Pinedale.

Na kwetu je?

Ndugu msomaji wa Nairobi, usiseme haya ni ya Wamarekani. Nyumbu wa mbuga za Athi na Kaputiei walikuwa wakiingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakati wa kiangazi, na mvua zikianza wanatoka kupitia Kitengela. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978, na mwaka 2011 hawakufika 5,000. Nyumba, viwanda na uzio viliziba njia. Tangu mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kimaasai ili waache ardhi wazi, lakini bei ya kiwanja karibu na jiji ina nguvu kuliko malipo hayo.

Sisi tulioondoka makwetu kwa haraka tunalijua jambo hili vizuri: mbio hazimsaidii mtu aliyefungiwa mlango. Pronghoni ana moyo, ana mapafu, ana miguu. Anachohitaji kwa binadamu ni sentimita 40 tu chini ya waya. Nyumbu wa Kitengela naye haombi zaidi ya njia.