Wanaozima taa wanapiga kura

Jumamosi ya Machi 31, 2007, saa 1:30 usiku, jengo la Opera House na daraja la Harbour mjini Sydney viliingia gizani. Ghorofa za katikati ya mji zikazimwa taa, na migahawani wateja wakaendelea kula kwa mwanga wa mishumaa. Waandaaji, shirika la mazingira la WWF Australia wakishirikiana na gazeti la Sydney Morning Herald, walikadiria kuwa watu milioni 2.2 walishiriki. Matumizi ya umeme katikati ya mji yalipungua kwa asilimia 10.2. Hiyo ndiyo Saa ya Dunia ya kwanza, kampeni ya kuzima taa kwa saa moja ili kudai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka uliofuata ilifika nchi 35, na mwaka 2009 nchi 88.

Watu waliitikia haraka kwa sababu walishaumia. Australia ilikuwa imekaukiwa kwa miaka, mito ya bonde la Murray-Darling imepungua maji, na wakazi wa miji mikubwa wamewekewa masharti hata ya kumwagilia bustani. Hofu ya mabadiliko hayo ya tabianchi ilikuwepo kila nyumba. Kilichokosekana ni namna ya kuionyesha kwa pamoja. Swichi kila mtu anayo ukutani. Haihitaji kibali cha polisi wala nauli ya kwenda kwenye maandamano, na mtoto anaweza kuizima.

Wapo wanaopinga. Mwandishi Bjørn Lomborg wa Denmark, kwa mfano, amekuwa akisema kwa miaka kwamba umeme unaookolewa ni kidogo mno, na kwamba mshumaa wa kawaida nao hutengenezwa kwa nta inayotokana na mafuta ya petroli. Hayo ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo vya nchi 10 kwa miaka sita, ulikuta matumizi hupungua kwa wastani wa asilimia 4 tu ndani ya saa hiyo.

Lakini kupima Saa ya Dunia kwa uniti za umeme ni kupima uchaguzi kwa uzito wa karatasi za kura. Waandaaji wenyewe mwaka 2009 waliwaambia watu kwamba swichi ni kura, kwa kuwa Desemba ya mwaka huo viongozi wa dunia walikuwa wanakutana Copenhagen kujadili tabianchi. Anayezima taa anamwonyesha kiongozi wake kwamba wanaojali wako wengi, na wanaishi mtaa mmoja naye.

Je, kiongozi husikia? Novemba 2007 Waaustralia walimchagua Kevin Rudd kuwa waziri mkuu, na Desemba 3 akatia saini ya kuridhia Mkataba wa Kyoto wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Taa peke yake hazikuleta hilo, ila zilikuwa sehemu ya sauti iliyosikika mwaka ule. Julai 2012 nchi hiyo ikaanza kuwatoza wachafuzi wakubwa kwa hewa ya ukaa wanayotoa. Julai 2014 serikali nyingine ikaifuta sheria hiyo. Taa za Sydney ziliendelea kuzimwa kila Machi, na sheria ikafutwa vilevile. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kampeni hii: uungaji mkono wa saa moja hauwezi kulinda sheria ya mwaka mzima.

Uganda walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2013, WWF ya huko ilitumia kampeni hiyo kuanzisha msitu kwenye hekta 2,700 za ardhi iliyokuwa imeharibiwa.

Kwetu Tanzania, giza tunalijua kwa njia nyingine. Mwaka 2006, miezi michache kabla ya Sydney kuzima taa kwa hiari, ukame ulishusha maji ya bwawa la Mtera linalozalisha umeme na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali: saluni zimefungwa, samaki wanaharibika kwenye friji, jenereta zinanguruma mtaa mzima. Wakati huo Mwaustralia mmoja alitumia zaidi ya uniti 10,000 za umeme kwa mwaka. Mtanzania hakufikisha 100. Wa kwanza kupunguza ni yule wa uniti 10,000, na hilo lazima lisemwe kila Machi bila kigugumizi.

Hata hivyo naunga mkono taa zizimwe hapa pia, kwa sababu mvua ikikosekana Mtera tunaoumia ni sisi. Saa ya Dunia kwa kawaida huwa Jumamosi ya mwishoni mwa Machi, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:30 usiku. Zima taa zako. Kisha Jumatatu mwulize mbunge wako anafanya nini kuhusu misitu inayotunza vyanzo vya maji ya mabwawa yetu, na usiondoke bila jibu.