Meli Ikifunga Gati Kilindini, Mutomo Inapata Nini?

Mutomo haina bahari. Ina miamba, mibuyu, vumbi jekundu, na pojo zinazokauka shambani kabla ya kutia maganda pale mvua za Novemba zinapokosekana. Lakini kila msimu wa kaskazi, meli ya watalii inapoingia Kilindini, wako watu wa Kitui Kusini wanaoitazama kwa tamaa ya haki: mama aliyesuka kiondo cha mkonge, mchongaji aliyehamia Changamwe akiwa bado kijana, mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kupanda ngazi ya meli ile akiwa na mkataba wa kazi mfukoni. Wote huuliza swali moja. Meli imeleta wageni zaidi ya elfu mbili kwa siku moja, mbona kwetu haionekani hata shilingi?

Ukubwa wa meli huamua mambo machache sana. Kipato cha watu wa bara hutegemea masharti yaliyoandikwa miezi mingi kabla meli haijaonekana upeoni: itakaa saa ngapi, nani amewauzia abiria matembezi, safari inaanzia bandari gani, na mabaharia wameajiriwa kwa karatasi za namna gani. Asiyeyajua masharti hayo atabaki kuhesabu madirisha ya meli.

Tuanze na saa. Norwegian Dawn, mojawapo ya meli kubwa za kitalii zilizofika Mombasa miaka ya hivi karibuni, ina urefu wa karibu mita 294 na hubeba abiria wapatao 2,300 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Chini ya maji inazama takriban mita 8, kina ambacho Kilindini inakimudu bila taabu. Rubani wa bandari hupanda, tagi, yaani boti za kuvuta meli, huisogeza, kamba hufungwa Gati Namba 1 palipo na kituo cha abiria, kisha maafisa wa afya, uhamiaji na forodha hufanya kazi yao. Abiria wa kwanza anapokanyaga nchi kavu, asubuhi imeshakwenda. Ikiwa meli inang'oa nanga jioni ileile, anatakiwa awe amerudi ndani mapema, kabla ngazi haijapandishwa. Ondoa foleni ya magari ya Changamwe, na mgeni wetu amebaki na saa sita au saba za kuiona Kenya.

Saa hizo zinatosha Fort Jesus na Mji wa Kale. Zinatosha pia Bamburi, na kwa anayevumilia safari ya basi, zinatosha kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma, kuona ndovu wekundu na kugeuza. Mutomo hazifiki. Ukiitazama ramani, Hifadhi ya Kitui Kusini inapakana na Tsavo Mashariki, na mtu angedhani watalii wako mlangoni. Lakini mpaka ule uko upande wa kaskazini wa mbuga, mbali na njia za matembezi ya siku moja. Nimesikia mipango ya kuleta abiria wa meli Mutomo kwa siku moja ili wapande kilima chenye hifadhi ya mimea na kununua asali. Kwa maoni yangu mipango hiyo iwekwe kando hadi meli zianze kulala Mombasa usiku mmoja au miwili. Kwa sasa bidhaa za Mutomo ndizo zisafiri kuelekea meli.

Njia ya kusafiri ipo. Barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo, Kitui hadi Migwani, yenye urefu wa kilomita 192 hivi, imefupisha mambo mengi. Ukifika Kibwezi una barabara kuu ya Mombasa na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Na wala safari hiyo si ngeni kwa Wakamba. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alimkuta Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani. Jamaa za Wakamba zilikwisha kukaa upande wa Rabai na Mariakani kabla reli ya kwanza haijawazwa. Vinyago navyo vina safari yake: Mutisya Munge wa Wamunyu anatajwa kuwa ndiye aliyeleta uchongaji wa kibiashara Ukambani baada ya kujifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kutoka mbegu hiyo ulizaliwa ushirika wa wachongaji wa Changamwe, ulioanzishwa 1963, ambako mabasi ya watalii yamekuwa yakisimama kwa miongo mingi.

Neno lenyewe ni hilo: kusimama. Matembezi ya nchi kavu huuzwa na kampuni ya meli, mara nyingi abiria akiwa bado kwao Ulaya au Marekani. Kampuni hiyo imeshaingia mkataba na kampuni ya Mombasa ya kupokea wageni, na ratiba ya basi imeandikwa hadi dakika za kwenda msalani. Mahali ambapo hapakuandikwa, basi halisimami. Kikundi cha kina mama wa Mutomo au Ikutha kinachotaka kuuza vyondo kwa abiria hakina haja ya kukimbilia geti la bandari asubuhi ya meli. Kiende Mombasa mwezi wa Mei au Juni, kusi inapovuma na ofisi za watalii zimetulia, kikazungumze na wapangaji wa ratiba kuhusu msimu ujao.

Tena kuna jambo ambalo huwapotosha hata viongozi wetu. Meli inayopita na meli inayoanzia safari hapa ni biashara mbili tofauti kabisa. Abiria wa meli inayopita amekunywa chai ndani, na jioni atakula ndani. Hahitaji kitanda cha hoteli wala ndege. Meli ikianzia na kumalizia safari Mombasa, abiria wake hufika kwa ndege, hulala hotelini siku moja au zaidi, huenda mbugani kabla au baada ya bahari, na meli yenyewe hupakia chakula cha safari nzima. Mombasa iliwahi kuwa na hali hiyo. Katika miaka ya 1990 meli iitwayo Royal Star ilikuwa na makao yake hapa, ikizungusha watalii katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilikuwa meli ndogo kuliko hizi za leo, na bado kwa uchumi wa watu wa kawaida naipa uzito zaidi kuliko jitu linalokuja asubuhi na kuondoka magharibi.

Hapo ndipo Ukambani ingepata soko la chakula. Maembe ya Makueni huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi, na huo ndio msimu wa meli, kwa kuwa kaskazi huleta bahari tulivu na baridi ya Ulaya huwafukuza wenye pesa kwao. Tatizo ni karatasi na ubaridi. Mnunuzi wa chakula cha meli huuliza embe limetoka shamba gani, limenyunyiziwa nini, limekaa kwenye baridi kiasi gani tangu lichumwe. Wakulima wetu wanalijua somo hili: mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na kurudi sokoni kulichukua miaka ya kazi ngumu ya mitego na usafi wa mashamba. Kazi hiyohiyo ndiyo ingefungua jiko la meli.

Kwa nini basi tulipoteza meli za kitalii? Jibu kubwa liko Somalia. Tarehe 5 Novemba 2005, Seabourn Spirit ilikuwa njiani kuja Mombasa ilipovamiwa na maharamia kwa mashua mbili ndogo, zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani. Iliponyoka kwa kuongeza mwendo na kutumia mtambo wa sauti kali, lakini haikuja tena huku, ikaelekea Ushelisheli. Novemba 2008 ikawa zamu ya Nautica katika Ghuba ya Aden, na Aprili 2009 MSC Melody ilishambuliwa karibu na Ushelisheli. Hakuna hata moja iliyotekwa. Hata hivyo kampuni ya bima haisubiri meli itekwe, hupandisha malipo, na kampuni ya meli hufuta jina la bandari kwenye ratiba. Mchongaji wa Changamwe alipigwa na uharamia huo bila kumwona haramia hata mmoja.

Eneo la hatari kubwa lililochorwa katika Bahari ya Hindi lilifutwa rasmi tarehe 1 Januari 2023, na tukapumua. Kabla mwaka haujaisha, mashambulizi ya Wahouthi, waasi wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalianza, Novemba 2023, na kampuni nyingi za kitalii zikaiacha njia ya Suez. Meli inayotoka Mediterania haikuweza tena kuteremka moja kwa moja hadi kwetu. Waliobaki kututembelea walikuwa wale wanaozunguka kusini, kutoka Cape Town na Durban, au kutoka Morisi na Ushelisheli.

Juu ya yoti nina machache ya kusema, ila ni ya kutia moyo. Mwenye yoti huja kwa upepo, hivyo hukaa kwa upepo. Akiingia Kilifi au Mtwapa anaweza kukaa miezi akingoja msimu ugeuke. Anahitaji fundi wa mbao, fundi wa injini, mshonaji wa tanga, mboga za kila juma. Uharamia uliwaumiza hawa kuliko wenye meli kubwa, kwa sababu hawana mwendo wa kukimbia: Paul na Rachel Chandler, Waingereza waliokuwa wakitoka Ushelisheli kuelekea Tanzania, walitekwa Oktoba 2009 na kuachiliwa Novemba 2010. Sasa yoti zinarudi kidogo kidogo. Kijana wa Kitui aliyesomea useremala au ufundi wa injini katika chuo cha ufundi asidhani maarifa yake yanaishia kwenye madawati na bodaboda.

Narudi kwa mchongaji na msusi, maana bidhaa zao hukwama mahali wasipopaona. Mti usiokauka vizuri hupasuka ukifika katika nyumba yenye joto la mashine huko ugenini. Tundu dogo la dumuzi linatosha kufanya kinyago kizuiliwe Australia, nchi ambayo wakaguzi wake hawana mchezo na mbao, ngozi wala mbegu. Mpingo na jamii yake yote umo katika orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa tangu Januari 2017, ingawa mtalii anaruhusiwa kipande kidogo kilichokamilika. Wachongaji wengi waliacha mpingo na muhugu, miti inayochukua miaka mingi mno kukua, wakashika mwarobaini. Ni uamuzi mzuri kwa msitu na kwa soko. Muuzaji anayeweza kumwambia mgeni mti huu ni upi, umekauka vipi na umetoka wapi, ana hoja ya kudai bei yake. Kuhusu asali, tuwauzie watu wa hoteli za Mombasa na Diani. Abiria wa meli hupata shida kuipandisha, na zaidi kuivusha mpakani kwao.

Sasa kazi za melini, jambo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo familia huuza ng'ombe.

Baharia, hata anayetandika vitanda au kuosha vyombo, lazima awe na mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wa chombo. Chuo cha Bandari cha Mombasa hufundisha hayo. Lazima pia awe na cheti cha afya na kitabu cha baharia, na mamlaka inayosimamia haya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), ambayo ndiyo pia hutoa leseni kwa mawakala wa kuajiri mabaharia. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 mnamo mwaka 2014. Chini ya mkataba huo baharia ana haki ya kupumzika angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Anapomaliza mkataba, nauli ya kumrudisha kwao ni ya mwenye meli. Na wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mutomo, Ikanga, Ikutha au Kibwezi: mtu akija kwako na picha ya meli kwenye simu, akataka laki moja au mbili "za kushika nafasi", usimpe hata senti. Muulize namba ya leseni ya wakala wake, piga simu KMA uithibitishe, na udai kuusoma mkataba wa ajira wenye jina la meli na jina la mwenye meli kabla ya kutia sahihi. Kama mzazi ameshatoa pesa, tunza risiti na ujumbe wa simu, uende navyo polisi na KMA mapema, kabla wakala hajabadilisha laini.