Kadi ya sauti ‘imekufa’? Kagua draiva kabla ya kurudisha mzigo

MFANYABIASHARA anayenunua kadi za sauti Kariakoo, Dar es Salaam, na kuzipeleka Lubumbashi kwa barabara huvuka mipaka miwili: Tunduma, kuingia Zambia, kisha Kasumbalesa, kuingia Congo. Mteja akipiga simu wiki moja baadaye kusema kifaa kimekufa, gharama ya kukirudisha inaweza kumeza faida ya boksi hilo na la pili lake. Kumbe mara nyingine kadi ni nzima. Kilichokosewa ni mpangilio ndani ya programu ya muziki.

Kadi hizi ni visanduku vinavyounganisha maikrofoni au gitaa na kompyuta kwa waya wa USB. Draiva ndiyo programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kisanduku hicho. Kwenye kompyuta za Mac, mfumo wa sauti wa Core Audio huja na mashine, kwa hiyo usumbufu ni mdogo. Kazi iko kwenye Windows, yenye njia kadhaa za kupitisha sauti: MME na DirectSound za zamani, WASAPI iliyokuja baadaye, na ASIO, ambayo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliitoa mwaka 1997 ili sauti isizungushwe ndani ya mfumo.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mteja huchomeka kadi, hafungi draiva ya mtengenezaji, na programu hujichagulia njia yoyote. Katika FL Studio, kwa mfano, chaguo liitwalo FL Studio ASIO linaweza kuwa linachukua sauti kutoka maikrofoni ndogo ya laptopu. Msanii anaimba kwenye maikrofoni ya bei mbaya, kinachorekodiwa ni mngurumo wa feni! Dawa ni kufungua “Options”, kisha “Audio settings”, na kuchagua draiva yenye jina la kifaa chenyewe.

Lalamiko la pili ni sauti kuchelewa. Hiyo ni kazi ya bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 wakati wa kuingia, na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Mwimbaji hujisikia yuko nyuma ya mdundo. Bafa ya 128 hushusha muda huo hadi karibu milisekunde 3 kila upande. Ila laptopu dhaifu ikibanwa hivyo, sauti huanza kukatikakatika, na mteja huapa kuwa kadi ni feki. Wakati wa kurekodi, bafa ishushwe. Wakati wa kuchanganya nyimbo, ipandishwe.

Wimbo ukisikika umeenda mbio na sauti imekuwa nyembamba, iangaliwe kasi ya sampuli: huenda programu iko 44,100 na kadi iko 48,000. Maikrofoni ya kondensa nayo ikiwa kimya kabisa, draiva haina kesi. Swichi ya 48V haijabonyezwa.

Vile visanduku vya bei ya chini vyenye vitufe vingi vya rangi, vinavyouzwa kwa jina la V8, ni habari nyingine. Vimelengwa zaidi kwa matangazo ya moja kwa moja kwenye simu, na kwa kawaida havina draiva ya ASIO ya kwao. Mnunuzi mwenye studio hulazimika kutumia ASIO4ALL, draiva ya bure inayotumika kwenye vifaa vya aina nyingi. Muuzaji amwambie hivyo kabla ya kupokea pesa, asisubiri ugomvi.

Kwa anayefungasha mzigo, kilicho nafuu ni kwenda dukani na laptopu ya Windows, kufunga draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji na kurekodi sauti kwa dakika mbili, kadi moja baada ya nyingine. Faili ya draiva hiyo hiyo iwekwe kwenye flashi, iende ndani ya boksi pamoja na karatasi yenye jina la draiva ya kuchagua. Kwa wateja wa Lubumbashi, karatasi hiyo iandikwe pia kwa Kifaransa.