Mashapo ya Kahawa Yana Rangi Mbili

Penye arusi au matanga kahawa hupikwa kwa masufuria makubwa. Wageni wakiisha kunywa, mashapo yaliyobaki chini humwagwa migombani. Si vibaya, kwani shamba nalo hupata chakula. Lakini safari nyingine wekeni akiba bakuli moja. Mtoto wenu apendaye kuchora ataweza kupata humo rangi mbili, moja ya kahawia na moja nyeusi, nanyi hamtatoa ila senti kidogo.

Wengi wetu tumeizoea kahawa kama zao la kuuza. Katika nchi ya Kilimanjaro wamisionari waliipanda Kilema katika miaka ya 1890, na tangu hapo imelipa karo za watoto wengi. Huko Bukoba Wahaya walikuwa na mibuni yao hata kabla Wazungu hawajafika, nao walitafuna buni zilizochemshwa. Tena jina la rangi ya kahawia limetoka katika kahawa yenyewe. Lakini mkulima ajua kwamba buni mbichi haina rangi hiyo. Ni ya kijanikijani. Rangi huzaliwa katika kukaanga, sukari na protini zilizomo ndani ya buni zikutanapo na moto. Maji ya kwanza hayaimalizi rangi hiyo, na ndiyo maana mashapo yana faida bado.

Kwanza anikeni mashapo juani, juu ya bati au ungo, mpaka yakauke kabisa. Yakikaa na unyevu yatafanya ukungu. Yaliyotiwa sukari yaacheni, maana yataleta sisimizi. Na vipande vya tangawizi viondoeni.

RANGI YA KAHAWIA. Chukueni vikombe 2 vya mashapo na vikombe 4 vya maji, mchemshe kwa nusu saa. Chujeni kwa kitambaa. Maji hayo yanafaa kuchorea vivyo hivyo, lakini mkitaka rangi ya unga ya kuweka akiba, nunueni shabu, ile ya kusafishia maji. Yeyusheni vijiko 2 vya chai vya shabu katika maji hayo yakingali moto, mkiyatia katika beseni kubwa. Kisha yeyusheni kijiko 1 cha magadi katika maji mengine ya moto, mkamimine humo kidogo kidogo. Povu litapanda, kwa hiyo msifanye haraka. Acheni hadi asubuhi. Mtaona tope la kahawia limetuama chini. Mwageni maji ya juu, lisuuzeni tope mara mbili, lichujeni, likaukeni kivulini, na mwisho lisageni. Vyombo vya kazi hii msivipikie tena chakula.

RANGI NYEUSI. Hii ni kazi ya mtu mzima, kwa sababu ya moto. Jazeni mashapo makavu katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Toboeni kifuniko tundu moja dogo kwa msumari, mkaliweke kopo katikati ya makaa, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni. Ukiisha kukoma, liondoeni kopo, lizibeni tundu kwa udongo, wala msilifungue mpaka lipoe kabisa. Anayefungua mapema huingiza hewa, mashapo yakashika moto, naye hubaki na majivu. Mkingoja mtapata mkaa mweusi mwororo. Usageni juu ya jiwe pamoja na maji, ili vumbi lisiingie puani, halafu usuuzeni na kuukausha.

Unga peke yake haushiki karatasi. Wahitaji kitu cha kuunatisha. Kwa karatasi, loweka gundi ya mgunga katika maji ya moto, uchanganye na unga. Kwa ubao, tumieni kiini cha yai pamoja na maji kidogo. Hata leo wachoraji wengi wa picha takatifu za Mashariki hutumia yai. Rangi ya yai itumieni siku ile ile, maana huoza upesi.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Rangi hizi mbili hazina nguvu sawa. Ile ya kahawia hupendeza sana, lakini jua huifanya ipauke. Mkaa haupauki. Ndivyo ilivyo hata kwa rangi za udongo: nendeni Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, mkaone jinsi wekundu wa mawe yenye chuma ulivyodumu tangu zamani za mababu.

Basi msiamini maneno ya mtu, wala haya yangu, pimeni wenyewe. Pakeni mistari ya rangi zote mbili juu ya karatasi moja. Funikeni nusu ya kila mstari kwa kipande kinene cha boksi, mkaiweke karatasi mahali pa jua, pasipo na mvua, kwa mwezi mmoja. Kisha fungueni na kulinganisha. Mtoto afanyaye hivyo amejifunza kupima jambo kabla ya kulisema, na hilo litamfaa hata asipokuwa mchoraji.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengine wameanza kuchora kadi na picha za kuuza, nao wanastahili kusifiwa. Lakini mnunuzi akitoa shilingi zake kwa picha ya kutundika sebuleni, na baada ya mwaka akaona uso umefifia, hatarudi tena, na jirani zake watapata habari. Kwa picha ya ukutani, tumieni nyeusi ya mkaa na rangi za udongo. Ya kahawia iwe kwa kadi, kwa daftari, na kwa picha zitakazokaa ndani ya kitabu. Na mnunuzi akiuliza, mwambieni wazi ni rangi gani na aiweke wapi.

Wazazi, mtoto akiomba bakuli la mashapo, msimcheke. Mpeni, na kopo la zamani pia, kisha kaeni naye karibu wakati wa moto.